Rafiki wa Jumamosi

Kitinda alikichagua chuo kwa macho. Hakuuliza wanafundisha nini, wala walimu wakoje, wala ukimaliza unakwenda wapi. Aliona picha tu, basi. Ilikuwa kwenye kijitabu kimojawapo cha vile ambavyo vyuo hupeleka mashuleni kujinadi: kilima cha kijani, majengo ya mawe yenye mapaa mekundu, njia inayopita katikati ya miti mirefu iliyopandwa kwa mstari, na mwisho wa njia bwawa, na ukingoni mwa bwawa benchi la mbao. Kwenye benchi hakukuwa na mtu. Hilo ndilo lililomteka. Tangu azaliwe hakuwahi kuona kiti kilichokaa bila mtu.

Kwao palikuwa pa kelele. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea, na karakana ilikuwa mbele ya nyumba ile ile waliyoishi. Kuanzia asubuhi mashine ya kusagia vyuma ilipiga yowe, mageti yaligongwa nyundo, na wateja walipayuka ili wasikike juu ya nyundo. Ndani nako hakukuwa na nafuu. Kulikuwa na mama, kaka zake, mawifi zake, watoto wa kaka zake, shangazi aliyekuja kusalimia kwa wiki moja akakaa miaka, na binamu walioingia na kutoka kana kwamba mlango haukuwekewa kitasa. Yeye alikuwa kitinda mimba, jina likamganda hivyo hivyo, Kitinda, hadi shuleni. Akitaka kusoma alijifungia bafuni, na hakumaliza ukurasa kabla mtu hajagonga na kuuliza kama amefia humo.

Matokeo ya mtihani yalipotoka mazuri, baba yake alikuwa ameshapanga. Mjini kulikuwa na chuo, ghorofa iliyokaa juu ya maduka ya vifaa vya ujenzi, basi linakushusha mlangoni.

"Utakula hapa, utalala hapa," baba alisema huku akifuta mikono yenye masizi. "Kile cha mbali kina nini ambacho hiki hakina?"

"Kina nafasi, baba."

Baba akadhani anazungumzia nafasi za masomo. "Ah! Kama nafasi ziko huko, nenda. Usije ukakosa vyote viwili."

Kozi alikuja kuitazama baadaye, kama mtu anayenunua kiatu kwanza halafu ndiyo anakumbuka kuangalia mguu. Iliyokuwa bado wazi ni upimaji wa ardhi. Akaandika hiyo.

Picha haikudanganya. Jambo hilo ndilo lililokuja kumchanganya sana, kwa sababu angekuta wamemdanganya angekuwa na wa kumlaumu. Kilima kilikuwepo, miti ilikuwepo, na bwawa lilikuwa zuri kuliko kwenye kijitabu, maana kijitabu hakikuonyesha ndege weupe waliosimama majini kwa mguu mmoja, wala harufu ya majani yaliyokatwa asubuhi. Wiki za mwanzo alitembea mdomo wazi. Alipewa chumba cha peke yake, kwa kuwa chuo kilikuwa mbali na wengi waliona heri kupanga kwenye mji mdogo ulio chini ya kilima. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, kabati na dirisha linalotazama miti. Siku ya kwanza alikaa katikati ya sakafu, akanyoosha miguu na mikono kadiri ilivyofika, na haikugusa mtu.

Alilala usingizi wa mtu aliyekuwa anaudai usingizi tangu utotoni.

Halafu, taratibu, ukimya ule ukaanza kuwa na sauti yake. Alisikia bomba likidondosha maji mwisho wa ujia. Alisikia ndala zake mwenyewe zikipiga sakafu, akaona aibu, akaanza kutembea kwa kunyata, ingawa hakukuwa na wa kumsumbua. Ijumaa mchana mabweni yalimwagika. Waliokuwa na ndugu karibu walikwenda kwa ndugu, waliokuwa na marafiki mjini walikwenda kwa marafiki, na yeye akabaki na miti. Kwenye bwalo la chakula alizoea kwenda mapema kabla meza hazijajaa, si kwa njaa bali kwa sababu hakujua, zikijaa, aende kuketi kwenye ipi. Alikula haraka, akaosha sahani, akatoka wenzake wakiingia kwa vicheko. Wengi walidhani ana haraka ya kwenda kusoma. Alisifiwa kwa bidii.

Darasani mambo yalikuwa vivyo hivyo. Upimaji ni kazi ya wawili: mmoja anachungulia kwenye darubini iliyosimama juu ya miguu mitatu, mwingine anakwenda mbali na fimbo ndefu yenye alama za vipimo, anaisimamisha wima. Siku ya kugawana wawili wawili kila mtu aligeukia jirani yake, na kufumba na kufumbua watu wote walikuwa wameshaisha. Kitinda akabaki. Mwalimu akampangia mzee wa stoo ya vifaa, mtu mpole aliyekuwa na jino bovu na hivyo hakupenda kufungua mdomo. Basi kila Jumanne Kitinda alisimama mwisho wa uwanja wa majani akiwa ameshika fimbo, na yule mzee kule mbali, mdogo kama kidole, akimpungia mkono: kushoto kidogo, kulia, simama, sogea. Kulikuwa na siku ambazo mazungumzo yake yote yalikuwa hayo.

Nyumbani hawakujua. Kila alipopiga picha aliituma kwenye kundi la familia kwenye simu, na kule nyumbani kukalipuka shangwe. Mama alizungusha simu mtaa mzima. Shangazi akaandika, "Mwanangu, hapo ni chuoni au ni peponi? Usije ukaingia kabla yetu." Kaka zake wakasema bwawa lile linafaa kufugia samaki. Wifi yake mkubwa, ambaye alikuwa na jicho la kuona yasiyohitajika kuonwa, akauliza:

"Mbona wewe humo kwenye picha hata moja?"

Kitinda alilisoma swali lile mara mbili. Hakuwemo kwa sababu hakukuwa na wa kumpiga picha. Akaandika, "Mimi ndiye mpiga picha wa kundi letu. Wenzangu wamenichosha."

Wenzangu. Neno lilitoka lenyewe, na likishatoka likataka kulishwa. Baba akauliza hao wenzako ni watu wa aina gani. Akasema ni watu wazuri. Mama akauliza mnakula pamoja? Mnakula pamoja. Mnapikiana? Tunapikiana. Akawa anasimulia safari za kwenda mjini na mizaha ya bwaloni, mambo aliyoyasikia kupitia ukuta wa chumba, na yalipomwishia alisema mtandao unasumbua akakata simu.

Siku moja baba akapiga, sauti imejaa furaha. "Kuna mteja huko upande wenu, nampelekea geti lake Jumamosi. Nitapita chuoni nikuone. Na hao wenzako nao niwaone, mama yako atawapikia."

Kitinda akasema, "Karibu sana, baba," halafu akakaa kitandani akihesabu siku zilizobaki.

Katika bweni lile alikuwepo dada mmoja wa mwaka wa mwisho, jina lake kila mtu alilisahau kwa sababu alikuwa akiitwa Spika. Sauti yake ilianza kufika, ndipo akafuata yeye. Kitinda alimfahamu kwa jambo moja tu. Mvua iliwahi kuja ghafla, Spika akatoka nje akipiga kelele, "Nguo! Nguo!", akaanua za bweni zima peke yake, kisha akapita mlango kwa mlango akizigawa. Kwa Kitinda alisimama akasema, "Wewe ndiye mwenye shuka za maua? Shika." Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao marefu kuliko yote.

Akaenda kugonga mlango wake. Spika alifungua akiwa na mswaki mdomoni.

"Samahani, dada. Nina ombi." Kitinda alimeza mate. "Naomba uwe rafiki yangu Jumamosi."

Spika akautoa mswaki. "Jumamosi nzima?"

"Mpaka baba yangu aondoke."

Akamweleza yote akiwa amesimama pale pale mlangoni, macho chini, akizitazama ndala zake. Spika alisikiliza, povu likimkaukia mdomoni. Alianza kucheka, akaona mwenzake hacheki, akaacha.

"Chakula kipo?"

"Mama anapika."

"Basi mimi rafiki yako. Lakini ingia kwanza, rafiki gani hajui lolote? Mna watoto wangapi kwenu? Unapenda nini? Unaogopa nini? Wazee wana maswali ya mitego hao."

Kitinda akaketi ukingoni mwa kiti. Alijibu la kwanza kwa ufupi, na la pili kwa ufupi. La tatu likamfungua. Akajikuta anaeleza kuhusu bafuni, na shangazi wa wiki moja, na jinsi kaka yake alivyowahi kuchomelea geti kwa ndani akajifungia mwenyewe. Miezi ilikuwa imepita bila mtu kumuuliza chochote kinachomhusu. Alizungumza haraka, kama anayeogopa zamu yake itachukuliwa. Alipoinua macho, Spika alikuwa anasoma simu yake.

"Endelea tu, nakusikia," Spika alisema.

"Hapana, yametosha," Kitinda akajibu, akaaga.

Jumamosi baba alifika na gari la mizigo la kuazima, amevaa shati lake la sherehe, akinukia sabuni na chini ya sabuni chuma. Kabla hajamaliza kushuka, sauti ilishamfikia.

"Shikamoo, baba! Jamani, tumekusubiri! Huyu mwanao tangu jana hajalala!" Spika alimpokea kapu, akamshika mkono, akamtembeza. Hakubakisha kitu. Alimwonyesha bwalo na meza "yetu" ya kila siku. Alisimulia jinsi Kitinda alivyowahi kucheka mpaka chai ikamtoka puani. Alisimulia walivyopotea mjini wawili wao, wakaomba njia kwa mtu ambaye naye alikuwa amepotea. Mzee alicheka, akajipiga mapaja, akafuta machozi kwa kiganja.

Kitinda alitembea nyuma yao kidogo. Alikuwa akimsikiliza yule Kitinda wa kwenye masimulizi, yule mchangamfu mwenye meza yake na kicheko chake, na akamwonea wivu.

Wakala kwenye benchi la bwawani. Baba alikaa katikati. Alitazama maji, akatazama miti.

"Pazuri hapa," akasema mwishowe. "Sasa nimeelewa. Mimi nilidhani umetukimbia."

"Nani awakimbie, baba," Kitinda akasema, akamsogezea sahani.

Baba akawapiga picha, Spika amemkumbatia Kitinda shingoni. Wakati wa kuondoka alikagua geti la chuo, akatikisa kichwa kuona lilivyochomelewa ovyo, kisha akamwita Spika pembeni, ingawa kwa sauti yake iliyozoea karakana, hata ya pembeni ilisikika na wote.

"Huyu ni mgumu kusema ya moyoni. Kwetu wasemaji ni wengi, yeye hakupata zamu. Niangalizie."

"Usiwe na wasiwasi, baba. Yuko na mimi."

Gari likashuka kilima. Waliendelea kupunga mikono mpaka likapotea kwenye kona. Spika akashusha mkono wake kwanza.

"Nimefanyaje?"

"Vizuri sana. Asante."

"Mzee wako mtamu yule. Mwambie mama nyama imekubali." Kutoka kwenye ngazi za maktaba mtu aliita, na Spika akaitika kwa ile sauti yake. "Haya, mimi wananisubiri. Tutaonana, eh?" Akaenda akikimbia, na wale waliokuwa kwenye ngazi wakampisha nafasi ya kukaa bila hata kukatisha maneno yao.

Kitinda alirudi bwawani kuchukua kapu la mama. Jua lilikuwa limelegea, maji yamegeuka rangi ya shaba, na ndege weupe walikuwa wanatua mmoja mmoja bila kelele. Palikuwa pazuri ajabu. Alitamani pangekuwa pabaya, angalau apate pa kuelekeza hasira zake.

Kesho yake baba alipiga simu. Nyumba nzima ilikuwa imeshasikia habari za Spika. Picha ilikuwa imeshapita mikononi mwa kila mtu. "Mpe salamu zangu. Usisahau."

Kitinda alikuwa ameshadanganya mengi, lakini salamu zilimshinda. Kwao mtu akikutuma salamu ulizifikisha, hata kama unayemfikishia hamsemezani. Shangazi aliwahi kushuka kwenye basi na kurudi nyuma kwa miguu kwa ajili ya salamu aliyoisahau. Basi akaenda kugonga.

"Baba anakusalimu."

Spika alishangaa, kisha akatabasamu. "Asante. Mwambie zimefika, na mimi namsalimu."

Wiki iliyofuata baba akatuma tena. Akagonga tena. Ikawa desturi. Mara amkute amelala, mara amkute anapika na wenzake watatu wamejazana kitandani, nao wakipasuka kicheko, "Posta imefika!" Kitinda aliifikisha salamu yake, akapokea jibu, akageuka. Safari ile ya kwenda mwisho wa ujia na kurudi ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji, lakini Jumapili yake yote aliipanga kuizunguka.

Mpaka siku ambayo Spika, macho mekundu kwa kusomea mitihani, alisema bila ubaya, "Kitinda, mdogo wangu, si lazima uje kila wiki. Wewe mwambie tu nimezipata."

"Sawa, dada."

Hakwenda tena. Baba alipouliza, alisema zimefika, na uongo ule mdogo ulimuuma kuliko ule mkubwa. Kuna wakati walikutana bombani na Spika akamtania, "Vipi, mzee ameniacha?" Kitinda akacheka, akatafuta la kusema, na alipolipata ndoo ya Spika ilikuwa imeshajaa.

Mitihani ikaisha. Wa mwaka wa mwisho wakafungasha mizigo. Siku ya kuondoka Spika alikumbatia watu wote waliosimama nje ya bweni, mmoja baada ya mwingine, na Kitinda akakumbatiwa alipofikiwa, wala si kidogo wala si zaidi. Gari likajaa masanduku na nyimbo, likaenda zake. Bweni likawa kimya kama chumba kilichohamwa.

Mchana huo huo baba akapiga. Nyuma yake mashine ya kusagia ilikuwa inalia.

"Spika hajambo?"

"Amemaliza, baba. Ameondoka leo."

"Loo! Basi umebaki na wale wengine."

Kitinda alikuwa amesimama dirishani. Miti ilikuwa imejipanga kule nje, mizuri, haina habari naye.

"Hakuna wengine," akasema.

"Eti nini? Sikusikii!"

"Hakuna wengine, baba. Hata Spika nilimwomba tu. Kwa siku ile uliyokuja."

Akasikia baba akigeuka na kufoka, "Zima mashine hiyo! Zima! Na wewe weka nyundo chini!" Kisha karakana ikanyamaza. Kitinda hakuwahi, katika maisha yake, kuisikia nyumba yao ikiwa kimya. Alitega sikio. Hakukuwa hata na mtoto aliyelia.

"Sema tena, mama," baba akasema, sauti ya chini. "Sikusikia vizuri."

Alisikia vizuri. Wote wawili walijua. Lakini Kitinda akasema tena, yote tangu mwanzo, bwalo la chakula na fimbo ya kupimia na picha zisizo na mtu, na hakuna aliyemkatisha. Alipomaliza alikuwa analia, na baba upande wa pili alikuwa anapumua kwa pua kama anavyofanya akinyanyua chuma kizito.

"Kwa nini hukuniambia nilipokuwa hapo?"

"Ulikuwa umefurahi."

"Nilifurahi nikidhani wewe umefurahi. Sasa furaha ile ilikuwa ya nani?" Akakohoa. "Njoo nyumbani. Chuo cha mjini hakijahama."

Alikwenda likizo. Mama alimshika mashavu akayageuza huku na huku kama anayekagua tunda sokoni, akasema amekonda, akaenda kulia jikoni. Mawifi walimpisha kitanda kizuri. Watoto walimparamia. Kwa siku kadhaa alijaa mpaka akafurika, halafu, kabla wiki haijaisha, alikuwa ameshajifungia bafuni na kitabu.

Baba akampeleka chuo cha mjini. Ngazi zilikuwa nyembamba, zimeliwa katikati kwa miguu ya watu, na wanafunzi walikuwa wamekaa humo bega kwa bega mpaka ulilazimika kuomba njia. Karani wa usajili alisema kuhama kunawezekana, arudi tu na vyeti. Wakati baba anamshukuru karani, Kitinda alisimama kwenye korido akawatazama wasichana waliobanana kwenye ngazi moja wakigawana mkate, wakizungumza wote kwa pamoja na wote wakisikilizana. Mmoja aliinua macho akamwona. Ulikuwa ni wakati wa kusema neno, lolote. Kitinda akajifanya anasoma tangazo ukutani.

Hapo ndipo alipoelewa.

"Unasemaje?" baba akauliza walipofika barabarani.

"Nitarudi kule, baba."

"Kwa ajili ya bwawa?"

"Hapana. Bwawa nimelichoka." Alitembea kidogo kabla ya kuendelea. "Nyumbani watu niliwakuta. Nilizaliwa mkiwa mmeshajaa. Sijawahi kumwanza mtu hata mmoja, baba, sijui mtu anaanzwaje. Nikisoma hapa nitapita kwenye ngazi zile kimya kimya, jioni nikimbilie kwenu, na sitajua mpaka nazeeka."

Baba alimshika mkono wakavuka barabara.

"Mimi nilipohamia mtaa huu sikuwa na mtu," akasema. "Mama yako bado hajaja. Nilikuwa nafungua karakana, nafunga, nalala. Siku moja nikaenda kwa fundi wa jirani kuazima koleo."

"Ukazoeana naye?"

"Alinikatalia. Akasema vifaa vyake haazimishi." Baba akacheka peke yake. "Nikaenda kwa wa upande wa pili. Na koleo nilikuwa nalo, tena zuri kuliko lake."

Mwaka wa pili ulianza na mvua. Bweni lilijaa sura mpya na zile za zamani ambazo kwa Kitinda zilikuwa mpya vile vile. Alijilazimisha kwenda bwaloni watu wakiwa wameshaingia. Siku ya kwanza alisimama na sahani katikati ya meza kama aliyepotelewa na mtoto, akaishia kutoka nje kulia chakula kibarazani, mvua ikimrushia matone. Siku nyingine alikaa kwenye meza ya watu, wakamsogezea nafasi kwa adabu, wakaendelea na yao. Kulikuwa na Jumapili ambazo hakufungua kinywa mpaka jioni, na hakumficha tena mtu. Baba akipiga na kuuliza, alijibu, "Leo hakuna kitu," naye baba akasema, "Haya, kesho ipo," kisha akamsimulia mageti.

Chumba cha pili kutoka kwake alikuwa anakaa msichana mrefu wa kozi ya misitu, mkavu wa uso, mwenye vitabu vingi kuliko nguo. Alasiri moja Kitinda akamgongea.

"Samahani. Naomba kuazima pasi."

Mlango ulifunguka kidogo, mkono ukatoa pasi, mlango ukafungwa.

Kitinda akarudi na pasi ya watu. Akapiga pasi nguo zote, kisha shuka za maua, kisha kitambaa cha mezani, maana kurudisha mapema ilikuwa ni kumaliza mambo. Hakurudisha siku hiyo. Hakurudisha kesho yake. Mwishowe yule msichana akaja mwenyewe, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nimekuja kuchukua pasi yangu."

"Samahani sana, nilikuwa nakuja," Kitinda akasema, akageuka haraka kuichukua, na mlango wa kabati ukajiachia wazi. Kwenye rafu ya juu ilikuwepo pasi yake, waya wake umezungushwa vizuri.

Msichana akaitazama. Akamtazama Kitinda.

"Kumbe unayo?"

Uso ulimwaka moto. Angeweza kusema ni mbovu. Neno lilikuwa tayari ulimini.

"Ninayo," akasema. "Nilitaka tu kugonga."

Yule msichana hakucheka. Aliichukua pasi yake, akaishika kwa mikono miwili kana kwamba anapima uzito wake, akatazama chumba, shuka zilizonyooka kama karatasi, dirisha, miti. Kisha akatoka. Kitinda akasikia ndala zake zikienda, halafu zikasimama, halafu zikarudi.

"Mimi kesho asubuhi sina kipindi," alisema kutoka ujiani, bila kuonyesha uso. "Ukitaka kugonga."